Asiyekuwepo na lake halipo: Kiti cha Obama kilivyogombewa Illinois

DESEMBA 2008 ilinikuta Katumba, wilayani Mpanda, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na jina langu likiwa tayari kwenye orodha ya wanaorudi Burundi. Nilizaliwa palepale, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, nikasomea palepale kwa Kiswahili, na nchi niliyoambiwa ni yangu sikuwa nimeiona. Mwezi mmoja kabla, makazi yalikesha yakishangilia ushindi wa Barack Obama, utadhani baba yake alitoka Kigoma na si Kogelo.

Jioni ya Desemba 9 tulikuwa tumeizunguka redio. Mtangazaji akasema kwamba gavana wa jimbo la Illinois amekamatwa kwa tuhuma za kutaka kukiuza kiti cha Seneti alichokiacha Obama. Baba yangu, ambaye naye aliacha shamba la michikichi karibu na Nyanza-Lac alipokimbia, akaipunguza sauti redio na kuniuliza: "Mwalimu, kiti kinauzwaje na mwenyewe bado yu hai?"

Nilimjibu ovyo, nikasema Wazungu nao wana wezi wao. Jibu lenye maana nililipata baadaye, sehemu kwenye magazeti na sehemu kwenye shamba hilohilo.

Kwanza tuelewane kuhusu kiti chenyewe. Kila jimbo la Marekani, kubwa au dogo, lina maseneta wawili, na wote jumla ni 100. Seneta hukaa miaka sita. Obama alichaguliwa Seneti mwaka 2004, hivyo muda wake ulikuwa uishe Januari 2011. Alipopata urais alijiuzulu useneta Novemba 16, 2008, akaacha miaka miwili na ushee haina mtu. Marekebisho ya 17 ya katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1913, yanasema kiti kikibaki wazi wananchi wa jimbo wapige kura, ila bunge la jimbo linaweza kumruhusu gavana ateue mtu wa kukaimu hadi kura hiyo ipigwe. Illinois ilikuwa imemruhusu gavana wake.

Wafanyabiashara wa Manyovu na Mugina watanielewa upesi. Ukiugua wiki mbili, meza yako sokoni haikai tupu. Msimamizi wa soko ataweka mtu. Huyo mtu anaweza kuwa kaimu, ukirudi anakupisha. Anaweza pia kuwa mrithi, ukirudi anakuuliza wewe nani. Tofauti ya hao wawili haimo usoni mwao. Imo kwenye maneno ambayo msimamizi alimwambia siku ya kwanza, na kwenye kile alichopokea kabla ya kuyasema.

Gavana mwenyewe aliitwa Rod Blagojevich, wa chama cha Democrats, aliyekuwa madarakani tangu 2003. Mtangulizi wake, George Ryan wa Republican, wakati huo alikuwa gerezani kwa rushwa, kwa hiyo usiseme hakuonywa. Makachero wa FBI walikuwa wamezinasa simu zake. Alisikika akisema kwamba kitu alichonacho ni dhahabu na hatakitoa bure. Alipiga hesabu ya alichoweza kupata: uwaziri katika serikali mpya ya Obama, kazi yenye mshahara mnono kwake au kwa mkewe, michango ya kampeni. Wahenga walisema paka akitoka panya hutawala. Hapa paka alikuwa amepanda cheo tu, na panya akataka kumtoza paka mwenyewe.

Ungetegemea kwamba mtu aliyekamatwa alfajiri nyumbani kwake hatathubutu tena kuishika kalamu ileile. Alithubutu. Sheria ilikuwa bado inamtambua kuwa gavana, na Desemba 30 alisimama mbele ya waandishi akamtangaza Roland Burris kuwa seneta.

Burris hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa na umri wa miaka 71, mtu Mweusi wa kwanza kushinda uchaguzi wa jimbo zima la Illinois, alipochaguliwa kuwa mkaguzi wa fedha mwaka 1978, na baadaye akawa mwanasheria mkuu wa jimbo. Aliwania ugavana mara tatu akashindwa, mara ya mwisho mwaka 2002 dhidi ya Blagojevich huyohuyo. Alipenda heshima, hilo halifichiki: alikuwa ameshajijengea kaburi Chicago na kuchorea vyeo vyake juu ya jiwe. Waandishi walimtania kwamba sasa atafute nafasi ya mstari mmoja zaidi.

Jambo lililowabana wakubwa wa chama lilikuwa rangi yake. Obama alikuwa ndiye Mweusi pekee kati ya maseneta wote 100. Alipoondoka hakubaki hata mmoja. Siku ya uteuzi mbunge Bobby Rush wa Chicago alisimama pembeni ya Burris na kuwaonya watu wasimwadhibu mteuliwa kwa makosa ya aliyemteua. Sisi tuliolelewa katika hesabu za Mhutu, Mtutsi na Mtwa tunaujua mtego huo. Swali la nani ameteua likageuzwa kuwa swali la mnamkataa kwa sababu ni nani. Gavana mwenye pingu zinazomsubiri alikuwa amewatupia wenzake mtu ambaye kumfukuza mlangoni kungeonekana vibaya kuliko kumpokea.

Walijaribu kumfukuza hata hivyo. Jesse White, katibu wa jimbo na mtunza muhuri, ambaye naye ni Mweusi, alikataa kuisaini hati ya uteuzi. Januari 6, 2009, Burris alifika Seneti na karatasi yake ikakataliwa kwa kukosa saini hiyo. Akatoka nje kwenye mvua, waandishi wamemzingira, mzee wa watu na karatasi ambayo hakuna anayeitaka. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Illinois ikasema saini ya White haikuwa sharti ili uteuzi uwe halali. Gavana alikuwa na uwezo wa kisheria na ameutumia. Siku hiyohiyo wawakilishi wa jimbo wakampigia Blagojevich kura ya kumshtaki, 114 kwa 1. Yaani asubuhi na jioni ya siku moja, mtu mmoja alionekana hafai kuwa gavana na uteuzi wake ukaonekana unafaa. Burris aliapishwa Januari 15. Januari 29 Seneti ya jimbo ikamng'oa Blagojevich kwa kura 59 bila ya kupingwa.

Nililifikiria sana jambo hilo mwaka huohuo, baada ya kushuka Mabanda na mabegi na baba aliyekaa kimya njia nzima. Shambani kwetu tulimkuta mzee mwenye wake, watoto na wajukuu. Aliingia pale miaka michache baada ya sisi kutoka. Alitukaribisha, akatupa viti, kisha akaingia ndani na kutoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye mhuri. Ofisa wa utawala wa siku zile, ambaye jina lake halina faida tena kwa mtu yeyote, alikuwa amemgawia ardhi ile kwa maelezo kwamba haina mwenyewe.

Nilikwenda na hasira, nikakosa pa kuiweka. Mzee yule hakumfukuza baba. Hakuiba. Aliomba ardhi kwa mwenye madaraka, akapewa karatasi, akapanda. Karatasi ilikuwa halali kwa macho ya aliyeiandika na batili kwa macho yetu, na wote tulikuwa tumekaa chini ya mchikichi uleule. Asiyekuwepo na lake halipo, tunaambiwa, na wenye kalamu huipenda sana methali hiyo.

Nirudi Illinois. Njia ya mkato ya kuyamaliza yote ilikuwepo: bunge la jimbo lingebadili sheria haraka na kuitisha uchaguzi mdogo. Viongozi wa Democrats walilisema hilo mara tu gavana alipokamatwa. Kisha wakapoa. Kwa kashfa ilivyonuka, Republican angeweza kushinda, na chama kilikuwa kikihesabu viti kimoja kimoja kuelekea 60 vinavyohitajika Seneti kuvunja upinzani. Wakaona heri kiti chenye doa kilicho chetu kuliko kiti safi cha jirani. Hapo ndipo siasa ya uteuzi ilipo, na si kwa mwizi aliyenaswa kwenye simu. Mwizi ni rahisi kumlaani. Hawa waliopoa walikuwa waungwana.

Wala haikuwa Illinois peke yake. Massachusetts, ambako Democrats walitawala bunge la jimbo, walimnyang'anya gavana uwezo wa kuteua mwaka 2004, kwa kuwa gavana wakati huo alikuwa Republican, Mitt Romney, na seneta wao John Kerry alikuwa akiwania urais. Edward Kennedy alipofariki Agosti 2009, gavana akiwa sasa ni Democrat, Deval Patrick, bunge lilelile likamrudishia. Kiti kikashikwa na Paul Kirk kwa miezi michache, kisha wananchi wakapiga kura Januari 2010 na kumpa Scott Brown wa Republican. Wapiga kura nao wana jeuri yao. Kule Delaware, kiti cha Joe Biden alipewa Ted Kaufman, msaidizi wake wa zamani, na kila mtu akasema anamshikia nafasi mtoto wa bosi, Beau Biden. Lakini Beau hakugombea, na Kaufman alitimiza neno lake la kutogombea pia. Huyo nilimwekea alama nzuri. Kaimu anayejua ni kaimu ni mtu adimu.

Wapo watakaosema basi waachiwe wajumbe wachague, si gavana mmoja. Marekani walikwisha kuipita njia hiyo. Kabla ya 1913 maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Delaware iligombana hadi ikakosa seneta hata mmoja kati ya 1901 na 1903. Na mwaka 1912 Seneti ilimtoa William Lorimer baada ya kuthibitika kwamba kura za wajumbe zilinunuliwa ili achaguliwe. Lorimer alitoka jimbo gani? Illinois. Kwetu Burundi, katiba ya 2005 na ile ya 2018 zimewapa madiwani wa komine kazi ya kuchagua maseneta wawili kila mkoa, wa makabila tofauti, na Watwa watatu wanaongezwa. Tangu mikoa ipunguzwe kuwa mitano mwaka 2025, na Nyanza-Lac yetu kuingia Burunga, waliochaguliwa ni kumi tu. Kadiri viti vinavyopungua, ndivyo mlango wa kuvifikia unavyozidi kuwa mwembamba, na msomaji anajua nani husimama kwenye mlango mwembamba.

Burris hakukaa kwa raha. Februari 2009 alikiri kwamba kabla ya uteuzi alizungumza na kaka wa gavana juu ya kuchangisha fedha, jambo ambalo hakuliweka wazi alipohojiwa na wajumbe wa Illinois. Kamati ya maadili ya Seneti ilimpa onyo kwa maandishi Novemba mwaka huo, bila kumkuta na kosa la jinai. Hakugombea tena. Novemba 2010, baada ya mahakama kuingilia, watu wa Illinois walipewa kura mbili kwenye karatasi moja, moja ya kumalizia wiki zilizobaki za muda wa Obama na nyingine ya miaka sita. Zote alishinda Mark Kirk wa Republican. Kile walichokiogopa waungwana kikaja, kimechelewa tu miaka miwili.

Blagojevich alihukumiwa miaka 14 jela Desemba 2011. Rais Donald Trump alimfupishia kifungo Februari 2020, na Februari 2025 akamsamehe kabisa. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa sekondari, mmoja aliuliza kama kiti nacho kilisamehewa. Nilimwambia akae.

Na shamba je? Mazungumzo yalichukua zaidi ya mwaka, mara nyingine kwa maneno makali, mara nyingine kwa mawese na samaki. Mwishowe tuligawana nusu kwa nusu, mpaka ukapandwa minyaa. Baba hakufurahi, na mzee yule pia hakufurahi. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, niliambiwa niiandike hati. Nilipomaliza kuisoma mbele ya watu, mzee akauliza ni ofisa gani anayetakiwa kuisaini kwanza. Baba akasema aje atakayekuja, lakini kwanza wasaini majirani. Walisaini 14, wengine kwa dole gumba, na wino ulipokwisha tulimtuma mtoto dukani.