LINUX KATIKA KOMPYUTA NDOGO YA ARM

Jina Linux hutumiwa kwa maana mbili, na yafaa zitengwe kabla ya kueleza jambo jingine. Kwa maana ya kwanza ni kiini tu cha mfumo, yaani programu igawayo kumbukumbu na kuviendesha vifaa. Kiini hicho kilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Kwa maana ya pili ni kiini hicho pamoja na maelfu ya programu zilizokusanywa na kupatanishwa, kama ulivyo mkusanyo wa Debian ulioanzishwa mwaka 1993. Mtu asemaye kwamba ameweka Linux katika kompyuta yake aghalabu hukusudia maana hii ya pili.

Programu hizo huandikwa kwa lugha iwezayo kusomwa na binadamu, kisha hufasiriwa ziwe amri za kichakataji. Lakini vichakataji havina lugha moja. Kompyuta nyingi za mezani hufuata amri za jamii ya Intel. Simu za mkononi na kompyuta ndogo hufuata zaidi amri za ARM, zilizobuniwa katika kampuni ya Acorn huko Cambridge, Uingereza, ambako kichakataji cha kwanza cha namna hiyo kilifanya kazi mwaka 1985. Kwa hiyo mkusanyo uliofasiriwa kwa jamii moja haufai kwa jamii nyingine, kama vile utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu usivyomfaa msomaji ajuaye herufi za Kirumi peke yake, ijapokuwa lugha ni yake mwenyewe.

Hata ndani ya ARM mna lahaja. Raspberry Pi ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Februari 2012 ili kuwawezesha vijana kujifunza kuandika programu kwa gharama ndogo, ilikuwa na kichakataji cha ARMv6 chenye sehemu maalumu ya kukokotoa desimali. Katika Debian palikuwa na fasiri mbili za kuchagua. Moja ilikubaliwa na kichakataji hicho, lakini haikuitumia sehemu ile ya desimali, na hesabu za namna hiyo zikaenda polepole. Ya pili iliitumia, lakini ilidai ARMv7. Ndipo wajitoleaji wachache walipoufasiri upya karibu mkusanyo wote katika mwaka ule ule, wakauita Raspbian. Bila kazi hiyo, chombo kilichokusudiwa kwa wanafunzi kingalibaki na nguvu ambayo hakikuweza kuitumia.

Basi jambo la kwanza limpasalo mwenye kompyuta ya namna hii ni kuijua lahaja ya kichakataji chake. Raspberry Pi 3, ya mwaka 2016, na nyingi zilizoifuata hukubali fasiri ya biti 64. Zile za kwanza kabisa hazikubali ila ya biti 32 iliyotengenezwa kwa ARMv6.

Jambo la pili ni kuiandaa kadi ya kumbukumbu. Mkusanyo hutolewa kama faili moja lenye sura ya kadi nzima, na wengi hukosea kwa kulinakili faili hilo kadini kama wanakilivyo barua. Kosa hilo huonekana sababu yake mtu ajuapo jinsi chombo kiamkavyo. Katika Raspberry Pi za mwanzo, kichakataji cha picha ndicho kiamkacho kwanza. Husoma sehemu ya kwanza ya kadi, iliyopangwa kwa mtindo wa FAT, na kutafuta humo mafaili ya kuanzishia. Hukipakia kiini katika kumbukumbu. Na hapo tu ndipo ARM huanza kazi, na kiini kikaifungua sehemu ya pili yenye programu zote. Faili lililonakiliwa tu halina sehemu hizo mahali pake, nacho chombo hukaa kimya huku taa ya umeme ikiwaka. Hapana budi faili liandikwe juu ya kadi yote, tangu mwanzo wake, kwa programu maalumu ya kazi hiyo.

Mfumo ukiisha kuamka, mtumiaji huchagua lugha na nchi. Humo mna kanuni za Kiswahili za Tanzania na za Kenya, mbali mbali, zipangazo majina ya siku na miezi. Lakini kanuni hizo hazizifasiri programu zenyewe: kazi ya kuyapatia maneno ya skrini Kiswahili chake hubaki mikononi mwa wenye lugha.