Kilo Tisini za Sakafu

Sebule ya mita nne kwa tano si kubwa. Hapa Kigoma za ukubwa huo ziko nyingi Mwanga, Gungu na kando ya barabara inayoteremka kwenda Ujiji. Lakini ikiwa mwenye nyumba ameamua kuweka terazo, kuna hatua moja ya ujenzi ambapo takriban kilo 90 za sakafu yake, aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, hubidi zisagwe ziwe tope na kutolewa nje kwa ndoo. Hesabu yake ni nyepesi: mita za mraba 20, zikiondolewa milimita mbili za juu, ni lita 40 za mawe na saruji iliyoganda.

Terazo humwagwa ikiwa haina uzuri wowote. Kokoto ndogo za marumaru huchanganywa na saruji, mara nyingi nyeupe iliyotiwa rangi, zikatandazwa juu ya zege kwa unene wa sentimita moja au zaidi kidogo, ndani ya miraba iliyogawanywa kwa vipande vyembamba vya shaba, plastiki au kioo. Mgawanyo huo una kazi zaidi ya pambo: saruji husinyaa inapokauka, na ni afadhali ufa upite mahali ulipopangiwa. Baada ya siku kadhaa sakafu huwa ngumu, ya kijivu na yenye mikwaruzo, kokoto zote zimejificha chini ya ngozi ya saruji. Sakafu ya kupigwa niru huisha siku hiyohiyo fundi anapoinua mwiko. Ya terazo ndiyo kwanza inaanza.

Mafundi wa Venice, Italia, ambako ufundi huu ulikomaa, walisaga kwa mikono kwa karne nyingi. Walifunga jiwe zito kwenye ncha ya mpini mrefu, wakalisukuma na kulivuta mchana kutwa huku maji yakimwagwa. Kifaa hicho walikiita galera. Miaka ya 1920 mashine za umeme zilipoanza kuchukua nafasi ya mikono, terazo ilipata bei ambayo ofisi za serikali, hospitali, shule na misikiti ziliweza kuimudu, na ndiyo maana hadi leo ni sakafu ya kawaida katika majengo ya umma ya Afrika Mashariki.

Mtu akiiona mashine yenyewe kwa mara ya kwanza anaweza kuidharau. Ni mota iliyosimama wima juu ya fremu ya chuma, magurudumu mawili nyuma, mpini wa kushika kwa mikono miwili, tangi dogo la maji, na chini yake sahani nzito inayozunguka. Kwenye sahani hiyo yamebanwa mawe matatu ya kusagia.

Kwa nini matatu? Sababu ni ileile ya mafiga. Vitu vitatu vikikaa chini, vyote hugusa ardhi hata pakiwa na mabonde. Cha nne kikiongezwa, kimoja huweza kubaki kinaning'inia. Mawe matatu hugawana uzito wa mashine bila ugomvi, kwa hiyo hulika kwa kasi inayokaribiana, na sakafu haipati mistari ya jiwe moja lililobeba mzigo wa wenzake. Tena mawe hayo huwekwa pembeni mwa sahani, kamwe si katikati. Kitu kinachozunguka hakiendi popote pale kwenye kitovu chake. Jiwe likiwekwa hapo lingesugua mahali pamoja bila kukata.

Kukata, kwa kweli, si tatizo kubwa. Grinda ya mkononi hukata zege kwa dakika chache. Kigumu ni kukata kidogo, kwa kiasi kilekile, kutoka ukuta hadi ukuta, na karibu kila uamuzi wa mbuni wa mashine hii unatokana na ugumu huo.

Uzito ni uamuzi wa kwanza. Fundi hakandamizi: akikandamiza, mkono utachoka na shinikizo litabadilika. Kazi hiyo ameachiwa chuma. Tuchukue mfano wa mashine ya kilo 120 ambayo theluthi mbili ya uzito wake imelala juu ya mawe, na kila jiwe lina uso wa sentimita 50 za mraba. Kila sentimita ya mraba inapata zaidi kidogo ya nusu kilo, asubuhi na jioni, awe anayesukuma ni mtu mnene au mwembamba.

Uamuzi wa pili ni kasi. Kwa umeme wa Tanzania, wa hezi 50, mota ya kawaida ya ncha nne huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Ikiunganishwa moja kwa moja na sahani, ingerusha maji na tope hadi darini, na mawe yangepata moto. Kwa hiyo katikati huwekwa giaboksi, au puli mbili na mkanda wa V, kupunguza mizunguko hiyo mara tano hivi. Sahani yenye kipenyo cha sentimita 25 ikizunguka karibu mara 290 kwa dakika, ukingo wake hukimbia chini ya mita nne kwa sekunde. Mkanda una faida moja ambayo giaboksi haina: jiwe likigonga ncha ya nondo iliyojitokeza, mkanda huteleza, na hakuna meno ya gia ya kuvunjika.

Mashine za sakafu za mbao hufuata njia nyingine kabisa. Huko Ulaya na Marekani, ambako mbao ndizo sakafu, msasa huzungushwa kwenye ngoma iliyolala, pana kama sentimita 20. Hummel ya kampuni ya Lägler ya Ujerumani, inayotengenezwa tangu 1969, ni ya aina hiyo. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 180 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, msasa hupita juu ya ubao kwa zaidi ya mita 22 kwa sekunde, kwa sababu mbao ni laini na vumbi lake hunyonywa na feni badala ya kuoshwa kwa maji. Hatari ya ngoma ni kwamba inagusa sakafu kwenye mstari mwembamba mmoja. Fundi akisimama ghafla huku ngoma iko chini, anachimba mfereji ambao hakuna vanishi itakayouficha. Ndiyo maana mashine hizo zina wenzo wa kushusha ngoma taratibu wakati mashine tayari inatembea, na kuipandisha kabla haijasimama.

Kigoma mashine hizo hazihitajiki sana. Mninga upo, lakini mchwa nao wapo, na anayeujua mji huu hatandiki mbao chini. Mbao nzuri huishia kwenye milango, vitanda na mitumbwi. Wala mashine ya sakafu haiwezi kumsaidia fundi wa mitumbwi pale Kibirizi, maana imebuniwa kwa ajili ya uso bapa, na mtumbwi hauna uso bapa hata mmoja. Huko msasa hubaki mkononi.

Turudi kwenye mawe. Kinachokata ndani yake, kwa kawaida, ni kaborandamu. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi kwa kupitisha umeme mkali kwenye mchanganyiko wa udongo na makaa. Almasi hakuipata. Alipata fuwele zinazometa zilizokwaruza karibu kila kitu alichokuwa nacho. Kwa kipimo cha ugumu kinachoipa almasi 10, kaborandamu iko juu ya 9; mchanga wa kawaida uko 7, na marumaru yako 3 tu. Chembe za kaborandamu hugandishwa pamoja kwa gundi ya madini, na gundi hiyo nayo imepimwa: iwe dhaifu kiasi cha kuachia chembe iliyokwisha makali ili mpya iliyo chini yake ijitokeze. Jiwe gumu mno huteleza na kung'aa bila kukata. Jiwe laini mno huisha kabla ya chumba kuisha. Siku hizi wengi huweka vipande vya almasi, ghali zaidi, vinavyodumu zaidi.

Namba za mawe hupanda hatua kwa hatua. Mkato wa kwanza hufanywa kwa jiwe lenye chembe kubwa, namba 24 au 36, linaloondoa karibu zile kilo 90 zote. Kisha saruji laini hupakwa kuziba vitundu vilivyofunuka, ikaachwa ikauke, halafu namba 60 au 80, halafu 120, halafu 220 na kuendelea. Kila namba ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Fundi mwenye haraka huruka kutoka 36 hadi 120. Sakafu itaonekana nzuri ikiwa imelowa. Ikikauka, mikwaruzo yote hujitokeza, na hapo mwenye nyumba huwa ameshalipa.

Kuna jambo moja la ubunifu ambalo halina jibu moja. Je, sahani ifungwe imara kwenye fremu, au iunganishwe kwa mpira unaoiruhusu kuinama kidogo? Ikiwa imara, itakata vilima na kuacha mabonde, na sakafu itanyooka, ila mashine itatetemeka na kumpiga mikono anayeishika. Ikiwa na mpira, itatembea kwa upole na kugusa kila mahali, lakini itafuata mawimbi ya sakafu badala ya kuyaondoa. Sakafu ikimwagwa vizuri na pima maji ikatumika, mpira unatosha. Tatizo ni kwamba mara nyingi mashine huitwa kurekebisha makosa ya aliyemwaga.

Jingine ni kuvutwa. Sahani moja ikizunguka kulia, sakafu humsukuma anayeishika upande wa pili, kwa hiyo yeye huenda akiyumbisha mashine kwa mapinde, kushoto na kulia, bila kusimama. Mashine kubwa zina sahani mbili zinazozunguka kinyume, moja ikifuta mvuto wa nyingine. Hizo hunyooka zenyewe, ila ni nzito na hazipiti kirahisi mlango wa choo.

Umeme ndio unaozitesa mashine hizi kuliko jiwe. Kabla Mkoa wa Kigoma haujaunganishwa na gridi ya taifa, mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na umeme mdogo haukuwa habari. Mota ya aina hii huadhibiwa mara mbili: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu yake ya kuzungusha hupungua karibu robo nzima. Na nyumba inayojengwa mara nyingi haina umeme. Unaletwa kutoka kwa jirani. Mota ya nguvu farasi tatu ya fezi moja huvuta kama ampia 14. Kwenye waya wa mita 50 wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, volti 17 hupotelea njiani. Ukiwa wa 2.5, hupotea 10. Wakati wa kuwasha, mota huvuta mara tano au zaidi ya hapo, na kwenye waya ule mwembamba huunguruma tu bila kuzunguka mpaka iungue. Kwa hiyo fundi mzoefu hukandamiza mpini kwanza, akaegemeza mashine kwenye magurudumu ili mawe yawe hewani, ndipo awashe. Na kwa kuwa amesimama kwenye maji akishika chuma chenye umeme, erthi si hiari.

Adui wa ndani ni lile tope lenyewe. Ni maji yaliyojaa unga mgumu, na likipenya kwenye beringi ya sahani, linaisaga kama jiwe linavyosaga sakafu. Kinga yake ni sili ya mpira na grisi nyingi. Watu wa Kigoma wana ushahidi mkubwa wa kazi ya grisi. Meli iitwayo leo Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja kwa vipande ndani ya makasha kama 5,000, na ikashushwa hapa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kabla ya hapo wahandisi walizipaka injini zake grisi nene. Ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924, injini zilifaa kutumika tena, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ya mashine ya sakafu haidumu miaka minane, ikizingatiwa kwamba mashine inazunguka. Karakana inayounda mashine yake kwa kuchomelea fremu na kununua mota kuukuu inafaa kuanzia hapa: nipeli ya grisi mahali inapofikika bila kufungua kitu, na boliti zinazoruhusu mota kutenganishwa na fremu. Vijiji vingi vya mwambao hufikiwa kwa boti, na kilo 120 zikigawanywa vipande viwili ndipo watu wawili wanaweza kuzipandisha.

Pembe za chumba hubaki. Sahani ya duara haiingii kwenye kona, kwa hiyo sentimita kadhaa kando ya kuta humalizwa kwa grinda ya mkono na kipande cha jiwe, fundi akiwa amepiga magoti. Wengi hufanya hivyo bila maji ili kuokoa muda, na hapo ndipo vumbi lenye silika huingia mapafuni. Silikosisi huja polepole na haina tiba. Maji yanayoonekana kuwa usumbufu ndiyo yanayomlinda.

Na zile kilo 90? Tope la saruji ni kali, huunguza ngozi ya miguu isiyo na viatu vya mpira, na Kigoma ni mji wa miteremko: kinachomwagwa mtaroni Mwanga, mvua huteremsha kuelekea ziwani. Likimwagwa kwenye shimo au pipa, unga hutuama chini usiku kucha, maji ya juu hutumika tena kusaga kesho yake, na chini hubaki bonge la kijivu linalokauka na kubebwa pamoja na kifusi kingine cha ujenzi.