Safari fupi za Ifakara na presha yako

Ukifika Ifakara kwa mara ya kwanza, kabla hata hujashuka kwenye basi utaziona baiskeli. Mji umekaa tambarare katika bonde la Mto Kilombero, na kwa miaka mingi shughuli nyingi hapa zimeendeshwa kwa pedali. Gunia la mpunga huenda mashineni likiwa kwenye keria, na mgonjwa naye huenda hospitali akiwa kwenye keria hiyo hiyo. Lakini simama Kibaoni asubuhi moja siku hizi. Baiskeli bado zipo, ila bodaboda ni nyingi, na safari ambayo zamani mtu aliimaliza kwa miguu bila hata kuifikiria, leo anaiitia pikipiki.

Msomaji, sina ugomvi na bodaboda. Mama akishikwa na uchungu usiku kijijini, au mtoto akipata degedege, mara nyingi pikipiki ndiyo gari la wagonjwa lililo karibu. Kabla ya Daraja la Magufuli, wagonjwa wa upande wa Ulanga walisubiri kivuko ili wavuke Mto Kilombero, na sidhani kama kuna anayetamani kurudi huko. Ninazozungumzia leo ni safari za kilomita moja au mbili: sokoni, kanisani, msikitini, kwa jirani, kliniki.

Chukua mfano wa mama anayeuza mchele, ana presha ya kupanda, na soko liko kilomita mbili kutoka kwake. Akitembea mwendo wa kukaza, atatumia kama dakika 25 kwenda na 25 kurudi. Kwa siku tatu tu amefikisha dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima akipate kila wiki. Hakulipa gharama ya mazoezi wala hakutenga muda wa kukimbia. Akipanda bodaboda kila siku, dakika hizo zote zinapotea, na nauli inamtoka.

Mazoezi ya aina hiyo, yakifanywa mara kwa mara, yanaweza kushusha namba ya juu ya presha kwa pointi 5 hadi 8 kwa mtu mwenye tatizo hilo. Kwa mwenye kisukari, misuli ya miguu inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na faida hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya kupumzika. Lakini usiache vidonge kwa sababu umeanza kutembea. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaojipima mara moja, wakakuta namba nzuri, wakaweka dawa kabatini.

Kama presha yako imefika 180 kwa 110 au zaidi, onana na daktari kwanza kabla ya kuanza. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, tembea na pipi au sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuona kizunguzungu, simama uile hapo hapo. Vaa viatu vya kufunika vidole, si kandambili, kisha ukifika nyumbani kagua nyayo. Mwenye kisukari anaweza kuchomwa na mwiba asisikie, na kidonda kidogo cha namna hiyo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Joto la Ifakara nalo si la kuchezea: toka mapema, na maji usiyasahau. Ukibanwa kifua au pumzi ikikuishia, acha safari utafute msaada. Hapo ndipo pa kupanda bodaboda bila kujiuliza mara mbili.

Sasa nimgeukie mzazi. Najua asubuhi inavyokuwa. Watoto watatu, shule iko mbali kidogo, unamwita kijana wa bodaboda unayemwamini, anawapakia mshikaki. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na lami inapofika mwendo nao unaongezeka. Mtoto aliyekaa katikati hana pa kushika, na kofia ngumu ya mtu mzima humcheza kichwani hata akivalishwa. Ukiweza, watoto waende kwa miguu kwa kundi, wakitembea upande wa kulia ili wayaone magari yanayokuja mbele yao. Mtoto wa shule anahitaji walau dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na njia ya shule inampa sehemu kubwa ya hizo. Anayeendesha baiskeli apimiwe breki kila wiki, na jioni awe na taa au rifleka.

Ikibidi apande pikipiki, apande mmoja, mwenye kofia inayomtosha, na umfundishe kushukia upande usio na eksozi. Akiungua mguu kwenye eksozi, mmwagilie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, ute wa yai wala unga, maana vitu hivyo huingiza vijidudu na kumpa muuguzi kazi ya kuvibandua. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi umpeleke kituo cha afya.

Akianguka na kugonga kichwa, usiridhike kwa sababu ameinuka na kucheka. Mwangalie kwa saa 24. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kuliko kawaida, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akitokwa na damu au majimaji puani au sikioni, au akipata degedege, mpeleke hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku wa manane.