Nyasi Zilizokufa Ndani ya Ajabu ya Nane

Watu wengi wakisikia habari za kiwanja kikubwa cha michezo huuliza kwanza kinachukua watazamaji wangapi, na kiligharimu fedha kiasi gani. Maswali hayo ni mazuri, lakini fundi wa majengo hana budi kutanguliza mengine. Je, mchezaji atauonaje mpira? Nyasi zitapata wapi nuru? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Na mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa ataona nini? Katika makala haya nataka kueleza jinsi maswali hayo manne yalivyowasumbua wenye uwanja mmoja mashuhuri sana, uitwao Astrodome, katika mji wa Houston, jimbo la Texas, nchi ya Marekani.

Houston u karibu na Ghuba ya Meksiko. Wakati wa kiangazi joto lake ni la unyevu, kama lile wanalolijua watu wa pwani yetu, na mbu ni wengi. Timu ya mji huo ya besiboli, mchezo unaofanana kidogo na kriketi, ilicheza katika uwanja wa wazi tangu mwaka 1962 hata 1964, na watazamaji walitaabika kwa jua na kwa kuumwa na mbu. Ndipo Bwana Roy Hofheinz, aliyekuwa zamani hakimu na baadaye meya wa mji, aliposhikilia shauri la kujenga uwanja wenye paa zima, uliopozwa kwa mitambo ya hewa. Fedha nyingi zilikuwa za mkopo wa serikali ya wilaya, yaani mkopo wa wananchi wenyewe.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 9 Aprili, 1965, Rais Lyndon Johnson akiwapo. Paa lake lilikuwa kuba kubwa la chuma lililovuka futi 642 bila nguzo hata moja katikati. Wapenzi wa kandanda na wafikirie viwanja viwili vikiwekwa kimoja mbele ya kingine: karibu masafa hayo yote yalifunikwa bila kitu cha kumzuia mtu asione. Kutoka sakafuni hata kileleni mwa kuba ni futi 208. Watu waliuita uwanja huo Ajabu ya Nane ya Dunia, na kwa ufundi wa chuma jina hilo halikuwa la majivuno matupu.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya nuru. Wachoraji wa jengo walitaka nyasi za kweli ziote ndani, na kwa hiyo waliweka katika paa vidirisha 4,596 vya plastiki ili jua lipenye. Nyasi zilizochaguliwa zilikuwa za jamii ya ukoka, zilizozalishwa na wataalamu ili zivumilie mahali penye nuru haba. Basi mchana mchezaji alipoinua macho kuufuata mpira mweupe uliopigwa juu, alikuta vidirisha vinavyong'aa na vyuma vyeusi vimepishana kama nyavu. Mpira ulipotea humo. Wachezaji hodari walisimama wameziba nyuso zao kwa mikono, wasijue mpira utaangukia wapi. Si jambo la kuchekesha, maana mpira wa besiboli ni mgumu, nao waweza kumjeruhi mtu vibaya sana.

Walijaribu miwani ya jua. Wakajaribu mipira ya rangi. Haikufaa. Mwishoni waliamua kuvipaka vidirisha rangi nyeupe, na mwako wa jua ukapungua. Wachezaji wakauona mpira. Lakini nyasi nazo zilikuwa zikiitegemea nuru ile ile, zikaanza kunyauka, kisha zikafa.

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe atafahamu sababu mara moja. Jani ni jiko la mmea. Maji huletwa na mizizi, hewa ya kaboni huingia kwa vitundu vya jani, na moto wa jiko hilo ni nuru ya jua. Nuru ikipungua kupita kiasi, mmea hula akiba yake mpaka iishe, hata ukimwagiliwa maji na kutiwa mbolea kila siku. Kila mtu amekwisha kuona kwamba chini ya mwembe mkubwa ukoka haustawi, hata kama uwanja wote uliobaki ni kijani kitupu. Houston walikuwa wamejenga mwembe mmoja mkubwa mno juu ya uwanja wao. Katika miezi iliyobaki ya msimu wa 1965 michezo ilichezwa juu ya nyasi zilizokufa na udongo uliopakwa rangi ya kijani.

Dawa iliyofuata ni ile iliyoenea duniani. Kampuni ya Monsanto ilikuwa imekwisha kutengeneza nyasi bandia za nailoni, kusudi watoto wa mijini wapate pa kuchezea mahali nyasi hazioti. Uwanja wa kwanza mkubwa wa namna hiyo ulitandikwa mwaka 1964 katika shule moja, Moses Brown, mjini Providence. Mwaka 1966 zulia hilo lilitandikwa Houston, kwanza sehemu ya ndani ya uwanja kwa kuwa halikutosha, kisha sehemu iliyobaki mwezi wa Julai. Tangu hapo nyasi hizo zikaitwa AstroTurf, kwa jina la uwanja wenyewe.

Nyasi za nailoni hazitaki jua wala maji, wala hazifyekwi. Wenye viwanja walifurahi. Wachezaji, hata hivyo, walipata habari nyingine. Zulia lile lilikuwa jembamba na chini yake palikuwa pagumu. Mpira ulidunda upesi na juu kuliko desturi. Mchezaji aliyeanguka kwa kuteleza aliinuka amechunika ngozi kama aliyeungua. Zaidi ya hayo, juu ya nyasi za kweli kiatu kikinasa, udongo huachia kidogo na mguu hugeuka pamoja na mwili. Juu ya zulia kiatu hushikwa, mwili ukageuka na mguu usigeuke, na kinacholipa gharama ni goti. Zulia la Houston halikuwa kipande kimoja, na maungo yake yalileta matatizo. Mwezi wa Agosti, 1995, mchezo wa majaribio wa mpira wa Kimarekani kati ya timu ya Houston na ya San Diego ulifutwa kwa sababu uwanja ulikuwa katika hali mbaya.

Taabu ya pili ilitokana na tamaa ya kuufanya uwanja mmoja ufae kwa kila kitu. Kiwanja cha besiboli kina umbo la kipepeo cha mkono kilichokunjuliwa: kinaanzia penye pembe moja na kupanuka. Kiwanja cha mpira wa Kimarekani ni mstatili mrefu. Ili maumbo hayo mawili yaingie ndani ya jengo moja, jengo likafanywa duara, na majukwaa ya chini yakawekwa yawe ya kusogezwa. Ulikuwa ufundi mzuri, lakini duara haliufuati mstatili, wala haliufuati umbo la kipepeo. Kwa mchezo huu watu wa upande mmoja wako mbali, na kwa mchezo ule watu wa upande mwingine. Tarehe 20 Januari, 1968, watu 52,693 walikusanyika kutazama mpira wa kikapu kati ya vyuo vikuu viwili. Sakafu ya mbao iliwekwa katikati ya uwanja, na watazamaji walikuwa mbali nayo hata wengine waliwaona wachezaji kama siafu.

Lakini tusiseme kwamba uwanja haukufaa kitu. Muhammad Ali alipigana ngumi humo mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Mwaka 1973 Bibi Billie Jean King alimshinda Bwana Bobby Riggs katika tenisi, watu zaidi ya 30,000 wakitazama. Na mwaka 2005, tufani Katrina ilipoharibu mji wa New Orleans, maelfu ya watu waliopoteza nyumba zao walilazwa juu ya vitanda vya kukunja katika sakafu ya Astrodome. Katika siku hizo hapana aliyeuliza habari za nyasi.

Paa lenyewe nalo lilikuwa na vituko vyake. Mwaka 1974 mchezaji Mike Schmidt aliupiga mpira kwa nguvu sana, ukagonga kipaza sauti kilichoning'inia juu, ukaanguka chini. Pigo lile lingemzungusha vituo vyote, lakini alipata kituo kimoja tu. Na tarehe 15 Juni, 1976, mchezo uliahirishwa kwa sababu ya mvua! Ndani palikuwa pakavu kabisa, na wachezaji walikuwapo. Ila barabara zilifurika, waamuzi na watazamaji wasiweze kufika. Mchoraji alikuwa ameuzuia mji usinyeshewe ndani ya ukuta wake, lakini mtazamaji huanza safari yake nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 viti karibu 10,000 viliongezwa kwa mamilioni ya dola, ili timu ya mpira wa Kimarekani isihame. Ubao mkubwa wa taa, uliokuwa fahari ya uwanja, ulibomolewa kupisha viti hivyo. Juu ya hayo timu ilihama mwaka 1997, na timu ya besiboli ikafuata mwaka 2000 kwenda uwanja wake yenyewe. Mwaka 2013 wenyeji walipiga kura wakakataa kukopa fedha nyingine za kuugeuza jengo la mikutano na maonyesho. Mwaka uliofuata liliandikwa katika orodha ya majengo ya historia ya nchi. Na viwanja vya duara vilivyojengwa kwa mtindo wa siku zile mjini St. Louis, Pittsburgh, Cincinnati na Philadelphia vimebomolewa vyote.

Je, wataalamu wa baadaye walijifunza nini? Kwanza, walirudi kwenye swali la nuru. Mwaka 1994, michezo ya Kombe la Dunia ilipochezwa ndani ya jengo lenye paa karibu na Detroit, wataalamu wa Chuo Kikuu cha jimbo la Michigan walizikuza nyasi nje juani ndani ya masanduku yenye pembe sita, kisha wakayaingiza na kuyaunganisha kama mafundi wa sakafu wapangavyo vigae. Mwaka 2006, huko Glendale, Arizona, ulifunguliwa uwanja ambao kiwanja chake chote ni kama sinia kubwa lenye magurudumu. Siku za kawaida sinia hilo liko nje likiota jua, na siku ya mchezo huvutwa ndani kwa muda wa saa moja hivi. Katika Ulaya viwanja vingi huwasha taa kubwa za kusukumwa juu ya nyasi sehemu ambazo kivuli cha jukwaa hakiondoki. Na mapaa mengine sasa hufunguka na kufungwa, kama kule Houston kwenyewe, katika uwanja uliojengwa jirani ya Astrodome na kufunguliwa mwaka 2002.

Pili, suala la wachezaji halijesha. Nyasi bandia zimeboreshwa: zina majani marefu na hujazwa mchanga na chembe za mpira ili pasiwe pagumu. Walakini Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2015, nchini Kanada, lilipoamriwa kuchezwa juu ya nyasi bandia, wachezaji kadhaa, miongoni mwao Abby Wambach wa Marekani, walipeleka malalamiko mbele ya baraza la haki za binadamu. Walisema kwamba wanaume hawajapata kutakiwa kucheza mashindano yao hayo juu ya plastiki. Waliyaondoa malalamiko mwezi wa Januari, 2015, na michezo ikachezwa vivyo hivyo, lakini ulimwengu ulikuwa umekwisha kusikia.

Ukitazama habari hizi zote utaona kwamba kila tengenezo lilikuwa na akili yake. Vidirisha viliwekwa kwa ajili ya nyasi, rangi ikapakwa kwa ajili ya macho, nailoni ikatandikwa kwa ajili ya rangi, na goti la mchezaji likalipa deni la wote. Kosa lilikuwa kwamba kila shida ilitibiwa peke yake, bila kuuliza dawa yake itamgusa nani mwingine. Sisi hatujengi kuba la futi 642. Lakini kamati za wazazi hujenga madarasa, mabweni na viwanja, na wanafunzi wa leo ndio wachoraji na mafundi wa kesho. Kabla ya kuezeka paa, na aulizwe atakayeketi chini yake: nuru itaingilia wapi, joto litatokea wapi, na maji yatakwenda kwa jirani gani. Haba na haba hujaza kibaba, na maswali madogo ya namna hiyo, yakiulizwa mapema, huokoa fedha nyingi na magoti mengi.