Mabinti wa nyika waliokwenda vitani: Je, kama Athens ingaliwaiga?

MSOMAJI, hapana shaka katika somo la jiografia ulifundishwa kuhusu mto Amazon wa Amerika ya Kusini. Lakini je, wajua ulipata wapi jina hilo? Mnamo mwaka wa 1542, Mhispania Francisco de Orellana aliufuata mto huo hadi baharini, na msafara wake ukasimulia kwamba ulipigana na wanawake wenye pinde kando ya maji. Watu wakakumbuka hadithi kongwe za Wagiriki kuhusu Waamazoni, taifa la wanawake wa vita, na jina likabaki. Katika karne ya 19, Wazungu waliofika Dahomey, ambayo leo ni Benin, waliwaita askari wa kike wa mfalme wa huko kwa jina lilo hilo.

Kwa muda mrefu wasomi wengi walishikilia kwamba Waamazoni wa Wagiriki walikuwa ngano tupu. Wahenga nao walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa makaburi yamefukuliwa, na yaliyopatikana humo ni mambo ambayo kila mzazi na mwanafunzi angefaa kuyajua.

Wakwe waliokataliwa

Kutoka Bahari Nyeusi hadi milima ya Altai, karibu na Mongolia, kuna nyika pana ambako miti ni haba na baridi ni kali mno. Miaka 2,500 hivi iliyopita, nyika hiyo ilikuwa makao ya wafugaji wa kuhamahama: Waskithi, na jirani zao Wasauromati waliokaa mashariki ya mto Don. Walifuga farasi, ng'ombe na kondoo, wakafuata malisho. Hawakuacha maandishi. Karibu yote yaliyoandikwa juu yao yaliandikwa na wageni, hasa Wagiriki, ambao waliwaona kuwa washenzi.

Mmoja wa waandishi hao alikuwa Herodotus, wa karne ya tano K.K. Yeye asimulia kwamba Waamazoni walitupwa na bahari katika nchi ya Waskithi, na barobaro wa Kiskithi wakawapenda. Vijana hao walipotaka kuwapeleka kwao wakaishi na wazazi, wanawake walikataa katakata. Walisema hawawezi kukaa pamoja na wake wa Kiskithi, kwa maana wao walizoea upinde, mkuki na farasi, na kazi za kike hawakufunzwa. Basi wakahamia ng'ambo ya mto Don, na kizazi chao kikawa Wasauromati. Kulingana na Herodotus, wanawake wa kabila hilo waliwinda, walivaa nguo kama za waume zao, na msichana hakuolewa kabla ya kumwua adui mmoja.

Mambo mengine yaliyovumishwa yalikuwa uzushi. Yasemekana, kwa mfano, kwamba walikatwa titi moja ili wavute upinde vizuri. La hasha! Hata wachoraji na wachongaji wa Kigiriki waliwaonyesha Waamazoni wakiwa na matiti yote mawili.

Mifupa yasema

Kati ya mwaka wa 1992 na 1995, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Mmarekani Jeannine Davis-Kimball na wenzake wa Urusi walifukua makaburi ya Pokrovka, karibu na mpaka wa Urusi na Kazakhstan. Baadhi ya wanawake walizikwa na panga, majambia na vigumba vya mishale. Msichana mmoja wa miaka 13 au 14 alikuwa na miguu iliyopinda, dalili ya maisha ya juu ya farasi. Mwanamke mwingine alikuwa na kigumba ndani ya mwili wake.

Mwaka wa 2019, Warusi walitangaza kupata kaburi la wanawake wanne huko Devitsa, katika bonde la mto Don. Mdogo wao alikuwa na miaka 12 au 13, na mkubwa kati ya 45 na 50, naye alivikwa taji la dhahabu. Walizikwa pamoja na silaha. Kiongozi wa uchimbaji huo, Valerii Gulyaev, alieleza kwamba katika miaka kumi walikuwa wamegundua makaburi kama 11 ya wanawake vijana wenye silaha.

Hata hivyo, kisa kinachogusa moyo zaidi ni cha Tuva, kusini mwa Siberia. Mwaka wa 1988 lilipatikana jeneza la mtoto aliyezikwa miaka 2,600 hivi iliyopita. Kando yake palikuwa na shoka, upinde na podo lenye mishale kumi. Hapakuwa na kioo wala shanga. Wataalamu wakasema: huyu ni mvulana. Akaitwa mvulana kwa miaka 32, hadi mwaka wa 2020 vipimo vya chembe za urithi vilipoonyesha kwamba alikuwa msichana ambaye hakuwa amefika miaka 14.

Fikiria, msomaji: ni wasichana wangapi waliobadilishwa kuwa wavulana vitabuni kwa sababu tu walizikwa na silaha?

Kwa nini huko?

Jibu li katika kazi na zana. Wafugaji waliishi mbali mbali, na wezi wa mifugo walikuja wakati wowote. Kambi ambayo nusu ya watu wake hawajui kujilinda ingalikuwa windo rahisi. Tena farasi hajali ni nani aliyempanda, mradi amezoea kupanda. Upinde wa Kiskithi ulikuwa mfupi, wa kutumiwa juu ya farasi, na shabaha hutokana na mazoezi ya tangu utotoni. Si kila mwanamke alikuwa askari, lakini njia ilikuwa wazi.

Shauri la Plato

Huko Athens mambo yalikuwa kinyume. Binti wa mwungwana aliozwa akiwa na miaka 14 hivi, akakaa ndani, wala hakuwa na sauti katika baraza la mji. Lakini mwanafalsafa Plato, aliyefariki yapata mwaka wa 347 K.K., aliwataja wanawake wa Kisauromati katika kitabu chake kiitwacho Sheria. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa wao waweza, basi mji unaowafunza wavulana peke yao wajikata nusu kwa hiari yake. Akapendekeza wasichana nao wafunzwe masomo, farasi na silaha.

Athens haikumsikia. Je, kama ingalimsikia?

Tujaalie kwamba shauri lile lilikubaliwa. Miaka michache baadaye Alexander alieneza desturi za Kigiriki hadi Misri na mipaka ya India. Huenda shule za wasichana zingalienea pamoja nazo. Roma, iliyojifunza mengi kwa Wagiriki, ingalirithi desturi hiyo, na Ulaya ingaliirithi kwa Roma. Hata wamishonari waliofika kwetu wangalikuja na mtazamo mwingine. Katika historia halisi, shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka wa 1926, na ya wasichana mwaka wa 1948. Hiyo ni miaka 22. Katika historia yetu ya kubuni, labda zingalifunguliwa siku moja.

Lakini tusidanganyane kwamba dunia hiyo ingalikuwa peponi. Yule msichana wa Tuva alikufa kabla ya kukomaa, na yule wa Pokrovka huenda alifunzwa kupigana kabla ya kuujua utoto. Hakuna mzazi atakaye bintiye aolewe kwa sharti la kumwua mtu. La kuigwa si vita. La kuigwa ni kwamba watu wale walitazama kazi iliyokuwapo, wakamfunza kila mtoto aliyeweza kuifanya.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi, karo inapopungua, ni nani anayeambiwa asubiri muhula ujao? Maji yanapokatika, ni nani anayeacha vitabu na kubeba mtungi? Na wewe mwanafunzi, ni somo gani uliloambiwa si la wasichana? Yajadilini hayo leo mezani, wavulana na wasichana pamoja.