Kuita mboloko: ufundi wa pori unaotaka akili

Katika pori la Ituri, kuanzia upande wa Oicha na Mangina mpaka Mambasa, wawindaji wako na silaha isiyouzwa sokoni: sauti yao wenyewe. Wambuti na Waefe ndio wanajulikana zaidi kwa ufundi huo, lakini hata wanavijiji wengine wamejifunza kwao.

Mnyama anayeitwa ni mboloko, yule paa mdogo wa pori mwenye kilo nne mpaka sita hivi. Muwindaji anajificha kando ya mti mukubwa, anabana pua kwa vidole, kiisha anatoa sauti ya puani inayofanana na kilio cha mboloko aliye matatani. Anaita mara kadhaa, ananyamaza, anasikiliza. Kama majani hayatikisiki, anasogea mbele na kuanza tena.

Juu ya nini inafaulu? Porini mnyama haoni mbali sababu ya majani, basi anategemea masikio na pua. Mboloko wanaishi dume na jike katika kipande kidogo cha pori, na kilio ndani ya eneo lao hakiwapiti hivi hivi. Ndiyo maana muwindaji anaangalia kwanza upepo: ukitoka kwake kwenda kwa mnyama, harufu inafika mbele yake na kazi imekwisha. Anakaa bila kutikisika, na mshale au bunduki iko tayari kabla ya kuita, si kiisha.

Ufundi huu hauko kwetu tu. Kule Marekani wanaita koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa, kwa sauti ya sungura aliyeumia. Koyoti aliyedanganywa akaponea, mara nyingine anakuwa mgumu kurudi. Nao watafiti katika mapori ya Afrika ya kati wanaita paa hao bila kuua, ili wawahesabu.

Lakini anayeita hachagui anayesikia. Chui naye anakula mboloko, na kilio kinaweza kumuleta mpaka karibu. Kwa wakaaji wa Beni kuna hatari kubwa zaidi: tangu Octoba 2014 wauaji wenye silaha wamemwaga damu ya raia wengi katika eneo hili, baadhi yao wakiwa mashambani na porini. Mtu anayepiga sauti peke yake porini anaonyesha pia mahali aliko.

Kuna pia sheria. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inaomba kibali, na ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, hakuna ruhusa ya kuwinda. Mboloko jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Zamani nyama iliishia kijijini. Leo inakaushwa kwa moshi na kupanda pikipiki mpaka soko za mijini. Wakiitwa na kuuawa wote wawili, dume na jike, kipande kile cha pori kinabaki kimya.

Mwisho ni afya. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kuanzia Mangina iliua watu zaidi ya 2.200 mbele ya kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Kwenye mpaka wa Gabon na Kongo-Brazzaville, wachunguzi walikuta virusi hivyo katika mizoga ya gorila, sokwe na hata paa wa jamii ya mboloko. Basi mnyama aliyekutwa amekufa, au anayeyumba bila kukimbia mtu, asiguswe wala asipelekwe nyumbani. Wahudumu wa afya wajulishwe. Na anayechuna nyama ya pori, asifanye hivyo akiwa na kidonda mkononi, na nyama iive kabisa.

Wazee wa pori walijua kuita. Walijua pia wakati wa kunyamaza.