Captain Alex hana tena sauti yake ya kwanza

KAMPALA. Anayetaka leo kuitazama filamu ya Who Killed Captain Alex? bila maneno ya VJ Emmie juu ya kila risasi hataipata. Nakala safi haipo. Isaac Nabwana, mfyatua matofali wa zamani aliyegeuka mtengenezaji filamu katika mtaa wa Wakaliga, aliifuta kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Kilichobaki ni kile kilichokuwa na sauti ya VJ.

Filamu hiyo ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Kwa fedha hizo hakuna bajeti ya diski ya akiba, na lawama hapa hazina maana.

Kwa watazamaji wengi wa Kampala, VJ ndiye uhondo wenyewe. Katika vibanda vya video yeye ndiye huitafsiri filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiluganda na kuitilia vichekesho, kama Lufufu alivyofanya kwa Kiswahili Dar es Salaam na DJ Afro nchini Kenya. Hasara iko kwingine. Sauti mbili zikishachanganywa kuwa moja hazitenganishwi kwa urahisi. Mtu akitaka kumwekea Captain Alex maneno ya Kiswahili kwa soko la Mwanza au Mombasa, itabidi apande juu ya sauti ya Emmie.

Mfanyabiashara aliyerekodi kwanjula ya mdogo wake, siku ya kutambulishwa kwa wazazi wa mke, au aliyepiga video ya mzigo wa Kikuubo ili amwonyeshe mteja wa Goma, anakaribia hatari ileile kila anapopunguza faili.

Kukata na kubadili muundo ni kazi mbili, ingawa mara nyingi hufanywa kwa mpigo mmoja. Kukata peke yake hakulazimu kuigusa picha. Programu za bure kama Avidemux na LosslessCut hunakili kipande kinachotakiwa jinsi kilivyo, upesi, bila kupunguza ubora. Kasoro yake ni kwamba kipande lazima kianzie kwenye fremu kamili, na fremu hizo huachana, pengine kwa sekunde kadhaa. Bibi harusi ataonekana mapema kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Afadhali hivyo.

Kubadili muundo ndiko kunakokula ubora. DVD ya harusi huwa na faili za VOB ambazo simu nyingi hazifungui. HandBrake, nayo ya bure, huzigeuza kuwa MP4. Hapo kompyuta inaiunda upya kila picha na kutupa kile inachodhani jicho halitakiona. Faili hiyo ikigeuzwa tena, inatupa tena. Kuikuza picha ya DVD wakati wa kugeuza hakuongezi usafi, kunaongeza uzito tu. WhatsApp nayo huibana video inayotumwa kama video. Ikitumwa kama hati hufika ilivyo, mradi isizidi GB 2.

Kuhusu sauti, MP4 moja inaweza kubeba njia mbili, ya asili na ya mtafsiri, kila moja peke yake, na mtazamaji akachagua. Programu nyingi za simu hucheza ya kwanza tu, lakini ya pili inabaki ndani.

Faili asilia ikihamishiwa kwenye flashi, kuna kikwazo kimoja kinachowachanganya wengi. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, unaokataa faili moja inayozidi GB 4 hata nafasi ikiwa tele. Zikipangwa upya kwa exFAT huipokea. Kupanga upya hufuta kila kilichomo, kwa hiyo vilivyomo vihamishwe kwanza.